Sumu ya Panya Haimjui Paka Wala Mtoto

Sogea karibu na redio, na kama kuna kalamu na karatasi hapo nyumbani, mwambie mtoto akuletee. Leo kuna mambo ya kuandika.

Mada yetu ni mbwa na paka wanaokula sumu ya panya. Huenda ukauliza, "Sista, mambo ya mbwa na mambo ya kliniki yanakutana wapi?" Yanakutana sakafuni. Sumu iliyomwangusha mbwa ilikuwa mahali ambapo mbwa alifika. Na pale anapofika mbwa, mtoto anayetambaa hufika pia. Pale anapopenya paka, mkono wa mtoto wa miaka miwili hupenya. Kwa hiyo mnyama wa nyumbani akila sumu, usihesabu hasara ya mnyama peke yake. Hiyo ni kengele inayokuambia kwamba sumu iko wazi katika boma lako. Wahesabu watoto kwanza.

Msimu wa panya

Hapa kwetu Kitui na Makueni mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Mavuno yake huanza kuingia nyumbani mwezi wa Januari na Februari. Ndengu, kunde, mtama na mahindi hujazwa kwenye magunia, na magunia hupangwa ndani ya nyumba, mara nyingi chumba kile kile tunacholala. Panya naye hufuata chakula. Usiku unamsikia akitafuna, asubuhi unakuta gunia limetobolewa.

Siku ya soko ikifika, yuko mchuuzi mwenye kipaza sauti: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni! Kipakiti ni shilingi chache. Mama ananunua, anachanganya na omena au ugali, anaweka nyuma ya magunia, kisha anakwenda mtoni kuteka maji.

Hebu tuanze na lile neno. Tunaiita dawa. Lakini dawa ni kile mtoto anachopewa ili apone. Mtoto aliyezoea kupewa dawa tamu ya rangi ya waridi kwa kijiko, akiona punje za rangi ya waridi na amesikia mama akiziita dawa, ataogopa nini? Kuanzia leo, nyumbani kwako iite sumu. Mfundishe mtoto neno hilo.

Sumu husafiri

Watu wengi hudhani sumu huisha panya anapokufa. La. Sumu hubaki kwenye mwili wa panya, kwenye matapishi, kwenye chakula kilichobaki, na kwenye mikono iliyoichanganya. Panya aliyekula sumu huanza kutembea polepole mchana kweupe. Paka akimwona, anafurahia mawindo mepesi. Mbwa naye akikuta panya aliyekufa nyuma ya choo, humla. Kuku hudonoa punje zilizomwagika. Hata bundi, ambaye wengi wetu humwogopa bure, hula panya wengi usiku, na akila walio na sumu hufa. Hapo tumewaua wale wale waliokuwa wakituwindia panya.

Safari hii ya sumu imeonekana hapa Kenya kwa macho. Mwezi wa Desemba 2015, huko Maasai Mara, mzoga wa ng'ombe ulitiwa sumu ya wadudu ili kulipiza kisasi kwa simba. Simba waliokula waliugua, na simba jike aliyejulikana sana kwa jina la Bibi akafa. Tai walioshuka kula mzoga nao wakafa. Kabla ya hapo, mwaka 2009, kampuni iliyotengeneza sumu ya wadudu iitwayo Furadan iliamua kuiondoa katika soko la Kenya, kwa sababu watu walikuwa wakiitumia kuua wanyama wa porini. Mtu mmoja aliweka sumu mahali pamoja akimkusudia mnyama mmoja, lakini sumu ikaendelea na safari yake. Katika boma lako ni hivyo hivyo. Wewe unamkusudia panya, lakini sumu haijui hivyo.

Aina tatu za sumu

Si sumu zote zinazofanya kazi kwa njia moja. Ukijua tofauti zake, utaelewa kwa nini mnyama mmoja huanguka baada ya nusu saa na mwingine baada ya siku nne.

Aina ya kwanza ni sumu ya damu. Mara nyingi huja kama nafaka iliyotiwa rangi, vidonge, au vipande kama sabuni, vya rangi ya waridi, buluu au kijani. Kwenye pakiti huandikwa majina kama brodifakomu au bromadioloni. Sumu hii huzuia damu kuganda. Mwili una akiba ya vitu vinavyogandisha damu, na akiba hiyo huchukua siku kadhaa kwisha. Ndiyo maana mbwa au paka huonekana mzima siku ya kwanza na ya pili. Kati ya siku ya pili na ya tano ndipo anapoanza kunyong'onyea. Ufizi wake huwa mweupe, hukohoa, huhema kwa shida, au damu hutoka puani, kwenye mkojo au kwenye kinyesi.

Sumu ya namna hii ina historia yake. Katika miaka ya 1920 huko Kanada na Marekani, ng'ombe walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu ya malisho yaliyoharibika. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, wakiongozwa na Karl Paul Link, waligundua kemikali iliyosababisha hali hiyo. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1948 ikaanza kuuzwa sumu ya panya iitwayo wafarini. Miaka michache baadaye, mwaka 1954, wafarini hiyo hiyo iliidhinishwa Marekani kuwa dawa ya watu wenye damu inayoganda ovyo, na mpaka leo hutolewa hospitalini kwa kipimo maalumu. Panya wengine walipoizoea, zikatengenezwa sumu kali zaidi zinazokaa mwilini kwa muda mrefu. Hizo ndizo zinazouzwa sana siku hizi.

Habari njema ni kwamba sumu ya damu ina tiba. Ni vitamini K1, ambayo hutolewa na daktari, na mara nyingi kwa wiki kadhaa. Usijaribu kutibu kwa sukuma wiki ukisikia kwamba mboga za majani zina vitamini K. Kiasi kilichomo hakitoshi kabisa kushindana na sumu hiyo.

Aina ya pili ni sumu ya gesi. Huwa ni unga mweusi au wa kijivu, na jina lake ni zinki fosfidi. Ikikutana na maji na asidi ya tumboni hutoa gesi kali iitwayo fosfini. Pumzi au matapishi yanaweza kunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Dalili huweza kuanza ndani ya dakika chache au saa chache: kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa nguvu, kutetemeka, kulegea. Sumu hii haina dawa yake maalumu ya kuipinga. Daktari husaidia moyo, pumzi na damu ya mgonjwa wakati mwili unapambana. Kwa hiyo kila dakika ina thamani. Kumbuka pia kwamba gesi inayotoka kwenye matapishi humdhuru hata yule anayemsaidia mgonjwa.

Na hapa nitaongeza neno moja. Vile vidonge vya alumini fosfidi vinavyotumiwa kuhifadhi nafaka hutoa gesi hiyo hiyo ya fosfini. Kamwe visitumiwe katika nyumba wanamolala watu, hata kama gunia limefunikwa.

Aina ya tatu ni sumu ya mishipa ya fahamu. Hizi kwa kweli ni sumu za wadudu wa shambani, kama vile aldikabu na kabofurani, ambazo watu wengine huzipima kidogo kidogo na kuziuza sokoni kama sumu ya panya. Huja kama chembe ndogo au maji katika kichupa, bila lebo yoyote. Ni kali mno. Mnyama hutokwa na udenda mwingi, machozi, mkojo na kinyesi bila kujizuia. Mboni za macho huwa ndogo sana. Hutetemeka, hukakamaa, hukosa pumzi. Haya hutokea haraka, mara nyingine ndani ya nusu saa. Hospitali na madaktari wa mifugo huwa na sindano ya atropini inayosaidia, lakini lazima mgonjwa afike akiwa hai.

Mnyama akila sumu, fanya hivi

Kwanza, waite watoto wote na uwahesabu. Angalia mikono yao, midomo yao na nguo zao. Waulize wakubwa kama kuna mdogo aliyeokota kitu. Fanya hivi hata kama mbwa analia kwa maumivu.

Pili, toa watoto na wanyama wengine mahali pale. Kama kuna matapishi au harufu mbaya ndani ya nyumba, fungua milango na madirisha, utoke nje, na usimame upande ambao upepo unatokea.

Tatu, tafuta pakiti ya sumu, hata kama ni kipande tu. Itie kwenye mfuko wa plastiki. Kama haina lebo, beba hata punje chache zilizobaki zikiwa zimefungwa vizuri. Usizishike kwa mkono mtupu. Andika saa uliyomwona mnyama akila, au saa dalili zilipoanza.

Nne, mpigie simu daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa wadi yako. Kama huna namba yake, muulize mwenye agroveti aliye karibu. Usingoje dalili. Ikiwa ulimwona paka akila sumu au panya aliyekufa kwa sumu, piga simu sasa hivi, hata kama paka anacheza.

Tano, mfikishe mnyama kwa daktari akiwa ndani ya boksi au amefunikwa kwa gunia safi, asikung'ate. Hata mbwa mpole anaweza kung'ata akiwa na maumivu.

Sasa yale ambayo usifanye. Usimpe maziwa. Usimpe mafuta ya kupikia, mayai mabichi, chumvi, majivu wala maji ya sabuni. Najua majirani watakushauri hivyo kwa nia njema. Lakini mnyama anayetetemeka hawezi kumeza vizuri. Kile unachommiminia huingia kwenye mapafu na kumwua kabla ya sumu. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Maziwa hayaui sumu. Hayo ni mazoea tu, na yanakupotezea muda. Kumtapisha mnyama ni kazi ya daktari, maana kuna sumu ambayo ikipanda hudhuru zaidi.

Je, ni sumu au ni kichaa?

Hili ni jambo kubwa, tafadhali sikiliza vizuri. Mbwa anayetokwa na udenda, anayeyumba na kutetemeka, huenda amekula sumu. Lakini pia huenda ana kichaa cha mbwa. Wewe na mimi hatuwezi kujua kwa kutazama. Eneo letu la Ukambani limesumbuliwa na kichaa cha mbwa kwa miaka mingi. Kenya ilizindua mpango wa kutokomeza ugonjwa huo mwaka 2014, ikilenga kuumaliza kufikia mwaka 2030, na Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanza.

Kwa hiyo usitie mkono wako kwenye kinywa cha mbwa kutafuta alichokula. Usiguse udenda wake. Ikiwa amekung'ata, amekukwaruza, au amelamba kidonda chako, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo ukaulize chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua. Chanjo inayotolewa mapema huokoa.

Mtoto akila sumu

Mama, hapa sitaki uwe na haya wala woga wa kulaumiwa. Ukishuku tu kwamba mtoto ameonja sumu, chukulia kwamba ameonja.

Toa kwa upole kile kilichobaki mdomoni na umpanguse kwa kitambaa chenye maji. Ikiwa sumu imemwagikia nguo, mvue, umwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Usimtapishe. Usimtie kidole kooni. Usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Akiwa amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Akishikwa na degedege, usimtie kijiko mdomoni. Mwondolee vitu vinavyoweza kumwumiza na umweke ubavu.

Kisha ondoka. Chukua bodaboda, gari la jirani, chochote kilicho karibu. Nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu zaidi chenye mhudumu. Wao watamwanzishia huduma na kumpeleka hospitali kubwa ikibidi, iwe ni Kitui mjini, Mwingi, Wote au Makindu. Beba ile pakiti. Mwambie mhudumu mambo matatu: ni sumu gani, ni saa ngapi, na ni kiasi gani unachodhani mtoto alimeza. Kama mbwa au paka pia ameugua, sema. Dalili za mbwa zinaweza kumsaidia mhudumu kujua ni sumu gani.

Na kama mtoto anaonekana mzima? Nenda vilevile. Umesikia kwamba sumu ya damu hujificha kwa siku mbili hadi tano. Mtoto anaweza kuambiwa arudi baada ya siku mbili kupimwa damu. Tafadhali mrudishe, hata kama anacheza mpira. Wakati huo mwangalie kama ana alama za damu chini ya ngozi, damu kwenye ufizi au puani, au choo cheusi. Ukiona lolote kati ya hayo, usingoje tarehe uliyopewa.

Kuku aliyedonoa sumu

Swali hili huulizwa sana, kwa sauti ya chini: "Sista, kuku akianza kuyumba, si nimwahi kwa kisu kabla hajafa?"

Hapana, mama yangu. Najua kuku ni pesa, ni kitabu cha mtoto, ni mgeni wa Jumapili. Lakini sumu iko ndani ya nyama yake, hasa kwenye ini na matumbo. Wala kupika hakutaiondoa. Sisi watu wa Ukambani tunalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu, ile aflatoksini, yaliingia katika nyumba zetu za Kitui, Makueni na jirani zetu. Watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 kati yao wakafariki. Mahindi yale yalipikwa, na moto haukuondoa sumu. Basi kuku, mbuzi au sungura aliyekula sumu asiliwe, na asiuzwe sokoni ili aliwe na mtoto wa mwenzako. Mayai ya kuku hao pia usiyatumie mpaka afisa wa mifugo akuambie ni salama.

Mzoga upeleke wapi?

Usiutupe kichakani. Mbwa wa jirani, fisi na tai wataula, na safari ya sumu itaendelea. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, chimba shimo refu kama mita moja, fukia panya wote na mnyama aliyekufa, kisha uweke mawe juu ili mbwa wasifukue.

Lakini angalia unapochimba. Wengi wetu tunachota maji kwenye mashimo ya mchanga katika mito iliyokauka, au kwenye mabwawa ya mchanga. Kamwe usifukie mzoga kwenye mchanga wa mto wala karibu na kisima. Panda juu, mbali na maji.

Tumzuie panya bila kumdhuru mtoto

Tusidanganyane. Panya ni adui wa kweli. Hula mavuno, huchafua chakula kwa mkojo wake na kueneza magonjwa, na nyoka humfuata mpaka ndani ya nyumba. Lazima tupigane naye. Lakini panya jike hubeba mimba kwa wiki tatu hivi tu, kisha huzaa watoto wengi. Ukiua kumi na kuwaachia wengine chakula na shimo, baada ya miezi michache wamerudi. Kwa hiyo silaha ya kwanza ni kumnyima chakula na mahali pa kulala.

Weka nafaka kwenye mapipa ya bati yenye vifuniko kama unaweza. Ile mifuko isiyopitisha hewa husaidia dhidi ya wadudu, lakini panya huweza kuitoboa, kwa hiyo iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali unapoweza kufagia pande zote. Kama unajenga ghala la nje, ile ikumbi ya wazee wetu, liinue juu ya miguu kiasi cha mita moja na uzungushie kila mguu kofia ya bati, panya ashindwe kupanda. Kata matawi yaliyoegemea paa. Ziba mashimo kwa saruji au mawe. Osha sufuria kabla ya kulala. Usiache chakula cha kuku au cha mbwa nje usiku kucha. Tumia mitego, na uitazame kila asubuhi. Paka aliyeshiba kidogo na mwenye afya bado atawinda. Akina mama wa kikundi cha mwethya wanaweza kusaidiana kusafisha maboma siku moja, kwa sababu panya uliyemfukuza kwako atahamia kwa jirani.

Ukilazimika kutumia sumu, nunua kwenye agroveti yenye leseni, siyo kwa mchuuzi. Chini ya sheria ya Kenya, Sura ya 346, bidhaa za kuua wadudu na panya zinapaswa kusajiliwa na bodi husika, kwa hiyo pakiti iwe na lebo, jina la sumu na namba ya usajili. Usiichanganye kwa sufuria au mwiko wa jikoni. Iweke ndani ya boksi la mbao au kipande cha bomba chenye tundu la kupitisha panya tu, kilichofungwa imara kisisogezwe. Hesabu vipande ulivyoweka na uandike mahali ulipoviweka. Asubuhi vihesabu tena, na uokote panya waliokufa kabla ya watoto na mbwa kuamka. Mfungie paka siku hizo.

Sumu iliyobaki ikae kwenye pakiti yake, ndani ya sanduku lenye kufuli, juu. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda wala kopo la unga. Isikae kwenye kabati la dawa.

Maswali mawili kabla hatujaagana

"Paka wangu alikula panya jana na leo yuko sawa. Nisubiri nione?" Usisubiri. Ikiwa wewe au jirani mmeweka sumu wiki hii, mpigie daktari wa mifugo leo. Kumtibu kabla damu haijaanza kuvuja ni rahisi zaidi, na kuna matumaini makubwa.

"Mbwa wa jirani hula mayai yangu. Naweza kumtegea sumu kidogo?" Hapana. Kumtilia mnyama sumu kwa makusudi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Na nyama uliyoitia sumu na kuitupa kando ya njia inaweza kuokotwa na mtoto anayerudi kutoka shule. Zungumza na jirani. Ikishindikana, nenda kwa mzee wa kijiji au kwa chifu.

Mambo ya kukumbuka

1. Iite sumu, usiiite dawa.
2. Mnyama akianguka, wahesabu watoto kwanza.
3. Usitapishe, usimpe maziwa wala mafuta, awe mtoto au mnyama.
4. Beba pakiti na uende mara moja, hata kama hakuna dalili.
5. Usiguse kinywa cha mbwa mgonjwa. Aking'ata, osha kwa dakika 15 na uende hospitalini.
6. Nyama na mayai ya mnyama aliyekula sumu visiliwe wala kuuzwa.
7. Fukia mzoga mbali na maji.

Leo jioni, kabla ya kulala, fanya jambo moja. Chukua tochi, inama chini mpaka macho yako yawe usawa na ya mtoto anayetambaa, uangalie nyuma ya magunia, chini ya kitanda na nyuma ya mlango wa jikoni. Ukikuta kipakiti au kisahani ulichokisahau, kiondoe usiku huu huu. Kisha mweleze jirani yako kesho.